Msumari wa Heshima

Nyumba za mtaa wetu hapa Leicester ni za matofali mekundu, zimeegemeana kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Zilijengwa enzi za Malkia Victoria, wakati kila chumba kilikuwa na meko yake ya makaa ya mawe. Mabomba ya kupasha joto yalikuja miaka mingi baadaye, na mafundi wakayapitisha palipopitika: nyuma ya kabati, pembeni mwa ngazi, na hasa chini ya mbao za sakafu ya juu. Walichonga mapengo kwenye migongo ya boriti, bomba la shaba likalazwa ndani ya pengo, ubao ukarudishwa juu yake na zulia likafunika yote. Anayenunua nyumba hupewa funguo. Ramani ya mabomba hapewi.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa Januari. Tiketi za Januari huwa zimeshuka bei, jambo ambalo mwanawe alimweleza kwa lugha nyingine: eti aje aione baridi ikiwa katika ubora wake. Bi Mkubwa aliiona uwanja wa ndege tu, ikamtosha. Tangu hapo akakaa karibu na rejeta ya ukumbini, akawa anaitazama kwa mashaka.

Nilimweleza inavyofanya kazi. Boila liko jikoni, linawaka kwa gesi, linapasha maji; pampu inayasukuma maji hayo kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta, kila chumba na yake; yakishapoa yanarudi jikoni kupashwa tena. Maji ni yale yale, yamefungiwa humo, miaka nenda miaka rudi.

"Kwa hiyo," akasema, "maji ya moto yanazunguka nyumba nzima usiku kucha, na hakuna anayeyaoga?"

"Hakuna, Mama."

"Makubwa haya."

Hata hivyo haukupita muda akaipatia rejeta kazi ya maana. Kanga zake zilikauka juu yake, na bakuli la unga wa maandazi likawekwa hapo, likafunikwa kitambaa, unga ukaumuka vizuri kuliko nilivyowahi kuufanya uumuke katika nchi hii. Angeishia hapo, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kulikuwa na ubao.

Ubao wenyewe uko juu, pale ngazi zinapoishia, kati ya chumba alicholala Bi Mkubwa na bafu. Kila ukiukanyaga unalia. Sisi tulishauzoea, na watoto wanajua kuuruka. Alfajiri ya Januari hapa inaingia kama saa kumi na mbili na robo, giza bado totoro, na kila Bi Mkubwa akienda kutawadha, ubao unatoa sauti ya kuamsha mtaa. Asubuhi moja, akimimina chai, akasema kama mtu anayejisemea, "Nyumba hii inanisengenya. Siendi chooni ila majirani wajue."

Hakumtuma mtu. Lakini Baba Watoto ni kitinda mimba, na vitinda mimba husikia amri hata katika pumzi za mama zao. Nilipokuwa kazini akafunua zulia, akachukua msumari wa inchi tatu, akatafuta mahali pa kuukaza ubao. Akafikiri vizuri tu, na hapo ndipo ilipo hasara: alijua msumari haushiki hewani, ni lazima uingie kwenye boriti. Akagonga, akasikiliza, akaipata boriti. Bomba nalo limelala papo hapo, ndani ya pengo, juu ya boriti. Angekuwa mzembe kidogo, angelikosa.

Hakuna kilichotokea. Ubao ukanyamaza kimya, Bi Mkubwa akamwombea mwanawe dua ndefu. Msumari ukitoboa bomba la shaba huziba tundu lake wenyewe. Huweza kukaa hivyo miezi, hata miaka, maji yakitoka jasho tu, mpaka kutu iule msumari ukonde. Wetu haukuwa na subira hiyo.

Dalili ya kwanza ilikuwa geji. Boila la aina yetu lina geji ndogo ya presha kwa mbele, na maji yakiwa ya baridi sindano inatakiwa ikae kati ya 1 na 1.5. Ikishuka sana, boila linajizima lenyewe. Tukaanza kuamka nyumba imepoa, sindano imelala. Baba Watoto akajifunza kufungua koki mbili za mpira ulio chini ya boila, ule unaoingiza maji mapya kutoka kwenye bomba la mji, na akawa anafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kunywa chai, kwa utulivu wa mfugaji. Nilimwambia kitabu cha boila, ambacho katika nyumba hii nimekisoma mimi peke yangu, kinakataza. Maji ya siku nyingi yameshaishiwa oksijeni, hayana madhara. Ukiingiza mapya kila siku unaingiza oksijeni mpya kila siku, na rejeta zinaliwa na kutu kwa ndani. Na maji yanayopungua kwenye mfumo uliofungwa hayajapotea. Yapo mahali fulani ndani ya nyumba yako.

"Maboila ya siku hizi ndivyo yalivyo," akanijibu.

Dalili ya pili ilitokea kwenye dari la jikoni, nayo ilikuwa doa la rangi ya chai ya maziwa, refu, limepinda pembeni. Bi Mkubwa ndiye aliyeliona akiwa anakaanga samaki. Akasema ni Pemba. Kweli lilikuwa Pemba, na visiwa vyake vidogo kwa magharibi. Baba Watoto akasema ni mvuke wa mapishi, maneno ambayo mtu mwenye akili hamwambii mama yake akiwa ameshika upawa. Mwisho wa juma Pemba ilikuwa na ukubwa wa Unguja, na kutoka Wete likadondoka tone, likaingia kwenye mafuta ya moto. Sote tulirudi nyuma.

Jumamosi alasiri zulia likafunuliwa tena. Baba Watoto akaung'oa ubao upande mmoja kwa mtaimbo, akapiga tochi, na nadhani hapo alielewa yote, kwa sababu alinyamaza. Msumari ulikuwa umesimama katikati ya bomba, umezungukwa na ukungu wa kijani ambao shaba huutoa ikikaa kwenye unyevu. Shimoni kuna majimaji, mbao zimekuwa nyeusi. Nikamwambia, usiuguse kwanza, tuzime boila, tuyatoe maji. Akasema anataka kuona tu kama umekaza. Akaukamata kwa koleo.

Maji yalifoka, yakampiga chini ya kidevu. Yalikuwa meusi tii, yananuka chuma, kwa sababu ndani ya mabomba kutu hugeuka unga mweusi na kuchanganyika na maji. Akaweka kidole gumba juu ya tundu. Sasa mume wangu amelala kifudifudi juu ya ngazi, gumba limeziba bomba la moto, na anapiga kelele: "Funga koki kuu! Koki kuu!"

Watu wengi wangefunga koki kuu, na mwanangu mkubwa alishakimbilia chini ya sinki kuifunga. Akaifunga. Maji hayakupungua hata tone. Koki kuu inazuia maji ya mji yasiingie. Haya ya moto yalishaingia zamani, yanazunguka kivyake, na hayana habari na koki. Hapo kinachotakiwa ni kuzima boila, kisha kuyapa maji njia nyingine ya kutokea. Kwenye rejeta ya chini kabisa, karibu na sakafu, kuna koki ndogo yenye kichwa cha pembe nne. Nikavisha mpira wa kuoshea gari, nikautoa kwa mlango wa nyuma hadi kwenye mfereji wa uani, nikaifungua kwa spana. Halafu nikapanda juu na ule ufunguo mdogo wa shaba, nikafungua vali za hewa za rejeta za vyumbani, kwa sababu maji hayashuki kama hewa haipati pa kuingilia. Uani maji meusi yakaanza kutiririka, yakitoa mvuke kwenye baridi.

Presha ikaisha haraka. Mfoko ukawa mchirizi, mchirizi ukawa matone, na gumba likaachiwa, limekunjamana na kuiva. Lakini dari la jikoni lilikuwa limeanza kutuna. Nikazima taa za jikoni kwenye sanduku la umeme, nikaweka beseni la kufulia juu ya meza, nikatoboa kwa bisibisi katikati ya Chake Chake. Yalitoka maji nusu beseni. Bora tundu moja dogo kuliko kungoja dari lote lishuke na taa yake.

Tukakaa chini kushauriana, kila mtu na koti lake. Mafundi niliowapigia simu walikuwa wa aina mbili: wenye nafasi wiki inayofuata, na wenye nafasi usiku huo kwa bei ya kununulia boila jingine. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuzibe wenyewe, cha muda, mpaka wiki ianze.

Bi Mkubwa ndiye aliyetoa pendekezo la kwanza, nalo si la kuchekwa: sabuni ya mche, ikandwe na nyuzi za kitambaa, ishindiliwe. Marehemu mumewe aliendesha lori Tanga hadi Moshi, na tangi la dizeli likitoboka njiani ndivyo walivyofanya, wakafika. Nikamwambia dizeli haiyeyushi sabuni, ila maji yanaiyeyusha. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi rejeta zako zitakuwa safi."

Baba Watoto akaja na tepu nyeusi ya umeme. Akazungusha, akazungusha, bomba likavimba mfano wa goti lenye bandeji. Tepu ile inataka pakavu ili ishike, na pale hapakuwa pakavu. Tena hata ingeshika, gundi yake inalainika kwa joto. Tulipojaribu maji kidogo tu, yakapita chini ya tepu na kutokea upande wa pili kana kwamba yameelekezwa.

Ndipo nikamfuata Mzee wa duka la vyuma.

Duka lake liko nyuma ya barabara ya Belgrave, lina harufu ya mafuta ya mashine na ubani. Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, mji umejaa. Mzee husema yeye hakuwa amewahi kusikia jina la Leicester. Tangazo ndilo lililomfahamisha kuwa upo mji kama huo na kwamba wenzake wameshafika. Akafungasha, akaja. Kiswahili chake ni kile cha dukani Jinja, hakijakua wala kuzeeka tangu siku hiyo.

"Shikamoo Mzee. Bomba la hita limetoboka."

"Marahaba. Maji natoa?"

"Tumeshayatoa."

"Mzuri. Watu yote nakuja hapa na maji bado."

Alifunga duka akaja mwenyewe, na mfuko wa turubai. Nadhani ni kwa sababu nilimwambia kuna mama kutoka Tanga. Bi Mkubwa alimpokea kwa chai ya tangawizi na, kama ilivyo desturi yake kwa kila mtu anayemheshimu, akaanza kumrekebisha.

"Hii paipu nakufa bado," Mzee akasema, amepiga magoti shimoni. "Nataka plasta tu."

"Bomba hili halijafa," akasema Bi Mkubwa kutoka mlangoni.

"Ndiyo mama. Hapana kufa."

Kazi yake nilikaa kuitazama. Kwanza aliikata tepu yote, akaitupa bila kuuliza ni ya nani. Akakausha bomba kwa kitambaa, kisha kwa mashine ya kukaushia nywele ya binti yangu, akarudia mpaka tundu lenyewe halina unyevu. Akapiga msasa, shaba ikang'aa shibiri nzima huku na huku. Tundu lilikuwa dogo, msumari wa kiatu ungeingia. Pembezoni mwake, mahali msumari ulipochomolewa, shaba ilikuwa imejikunja na kusimama juu kidogo. Akaipitisha tupa taratibu mpaka pakawa sawa, kwa sababu ncha ile ingekata mpira. Halafu akatoa kwenye mfuko kipande cha tyubu ya baiskeli na kukikata mara mbili ya upana wa tundu na zaidi. Juu ya mpira akaweka kipande cha bomba jingine la shaba alilolipasua kwa urefu na kulitanua kidogo, likakaa mgongoni mwa bomba letu barabara. Mwisho klipu tatu za chuma, zile zenye meno na skrubu ambazo hufungiwa mipira ya maji kwenye gari: moja juu ya tundu, mbili pembeni. Akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule.

Baba Watoto akauliza kwa nini asitumie gundi ya chuma, ile ya kukanda. Mzee akasema ni nzuri pakiwa pakavu na ukiiacha ishike kwa saa zake, lakini yeye kwenye bomba la moto anapendelea mpira.

"Shaba natembea," akasema.

Maneno hayo nimeyatafakari kuliko mawaidha mengi. Bomba la shaba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 8 na nusu. Ndio mlio ule tunaousikia chini ya sakafu boila likiwaka, tak, tak, bomba likijisogeza ndani ya pengo lake. Likipoa linarudi. Hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Kiraka kigumu hakiendi nalo. Siku moja kinapata ufa. Mpira unakwenda nalo na kurudi nalo.

Tukajaza maji polepole, sindano ikafika 1, akasema basi, usiongeze. Tukatoa hewa rejeta za chini kwanza, kisha za juu. Boila tukaliwasha na joto lake tukaliteremsha hadi 55, kwa sababu maji yakipata moto yanatanuka na presha inapanda yenyewe. Mzee akafunga karatasi ya tishu kavu kuzunguka klipu, akakaa juu ya ngazi, akanywa kikombe cha pili. Bi Mkubwa naye akaketi ngazi ya chini yake. Wakazungumza habari za bei ya karanga Jinja na bei ya karanga Tanga, katika miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa, Mzee akikosea ngeli na mwenzake akizisahihisha, hadi tishu ilipotazamwa tena. Ilikuwa kavu.

"Hii ya wiki moja," Mzee akamwambia mume wangu. "Wewe naita fundi. Nasikia?"

Alisikia "hii". Mengine hayakumfikia. Wiki ilikwisha, Februari ikaja ikaenda, na kiraka hakikutoa jasho. Kibaya zaidi, Baba Watoto alianza kujivunia. Wageni wakija, shemeji zangu, watu wa chama cha mazishi, hata mwalimu wa madrasa, walipandishwa ngazi, zulia likafunuliwa, tochi ikawashwa. "Klipu tatu," anasema, kama aliyezifunga yeye. Bi Mkubwa alivumilia mpaka siku alipopandishwa imamu. Alipoondoka akamwita mwanawe. "Baba, mtu mwenye nguo ya kiraka huketi upande wenye kiraka. Wewe unageuka uonyeshe." Kesho yake nikampigia simu fundi mbele ya mume wangu, naye hakusema kitu.

Fundi alikuwa kijana mpole. Kwa sheria ya Uingereza, kugusa gesi ya boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa tu, na daftari lao tangu 2009 linaitwa Gas Safe. Bomba la maji mwenye nyumba ana ruhusa nalo, na hiyo ndiyo nusu ya sheria ambayo Baba Watoto aliishika kwa moyo. Kijana akatoa maji, akakata kipande kilichotoboka kwa kikatio kidogo kinachozungushwa kwa mkono, akaunga kipande kipya kwa viungo viwili, akalisogeza bomba chini zaidi ndani ya pengo na kupigilia kibati cha chuma juu yake ili msumari mwingine ugonge mwamba. Akajaza maji na dawa ya kuzuia kutu. Chai niliyomwekea haikuwahi kupoa. Bei naiweka moyoni.

Alikigeuza kile kipande mkononi, akazitazama klipu. "Nani kaifunga hii? Imefungwa vizuri sana." Kisha akauliza, "Na msumari, nani kaupiga?"

Nikamtafsiria Bi Mkubwa. Hakumtazama mwanawe. "Mwambie tuliukuta. Watu walioishi humu zamani hawakuwa waangalifu."

Alipokuwa akirudi Tanga alikiomba kile kipande cha bomba, akakifunga ndani ya kanga na kukitia kwenye sanduku. Uwanja wa ndege lilifunguliwa, wakaulizana, wakakirudisha. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumjulia hali, nikauliza kama majirani wamekiona. Akasema bomba lenyewe halionekani, huenda watoto wameliuza chuma chakavu, lakini klipu zipo zote: mbili zimefungwa kwenye mpira wa pampu ya kisima, na ya tatu kaazima fundi baiskeli wa pale kona, na hajairudisha, na nikimwona mume wangu nimwambie atume nyingine tatu, za saizi kubwa.